Somo la Ijumaa Kuu

Donatienne alikaa mbele ya mwalimu mkuu, mkoba mapajani, akiona haya kuinua macho. Mjukuu wake Yvette, wa miaka tisa, ndiye aliyekuwa mkalimani, maana mama yake alikuwa zamuni kiwandani. Mkabala nao alikaa mama yake Shira, msichana wa Kiyahudi aliyesoma darasa moja na Yvette. Huyo mama ndiye aliyemsogezea Donatienne kiti alipoingia, na wema ule ulimchoma.

Baada ya Pasaka, Yvette alimwambia Shira mbele ya wenzao, "Ninyi ndio mliomuua Yesu." Tangu siku hiyo Shira alikuwa amekataa kurudi shuleni.

"Sheria mpya inatutaka tuandike kila neno la chuki," alisema mwalimu mkuu, Yvette akitafsiri kwa sauti ndogo. "Nani kalisema, na kalitoa wapi. Yvette anasema hakufundishwa na mtu."

Donatienne alijua lilikotoka. Kila Ijumaa Kuu, katika kanisa lao la Wakongo pale mtaa wa Dixon, yeye ndiye aliyewafundisha watoto kuigiza mateso ya Bwana. Aliwaambia wapige kelele, "Asulubiwe!" Tena akawaeleza kwamba wapiga kelele wale ndio Wayahudi. Ndivyo naye alivyofundishwa huko Bukavu, na hakuwahi kuwaza kwamba Myahudi ni mtoto anayegawana penseli za rangi na mjukuu wake.

"Waambie ni mimi niliyekufundisha," akasema.

Yvette akatamka maneno mawili matatu ya Kiingereza.

"Mbona mafupi? Umewaambia nini?"

"Kwamba unaomba msamaha."

"Na lile lingine?"

"Koko, watakuandika wewe!" Yvette akamwambia bibi yake.

"Waniandike. Jina langu limezeeka, lako bado bichi."

Akamgeukia mwalimu mkuu na kuyasema yote kwa Kifaransa alichosomea kwa masista. Kumbe mwalimu alikijua. Akaandika polepole, kisha akamweleza mama Shira.

Mama Shira hakumkaripia. Alimsogezea Yvette, aliyekuwa akilia, boksi la tishu, halafu akauliza swali moja tu: darasa la Donatienne kanisani lina watoto wangapi?

"Kumi na wanane," Donatienne akajibu. "Na hao ni wa mwaka huu tu."