Maksai Ndani ya Ngitili

Ramani ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, na ngitili yetu, malisho yetu ya akiba, ilikuwa imepakwa rangi ya njano. Pembeni kulikuwa na kisanduku cha maelezo. Njano: ardhi isiyo na matumizi, inafaa kwa mitambo ya umeme wa jua.

Niliisoma mara tatu. Shule niliiacha darasa la nne nikaenda kuchunga, lakini sheria ya ardhi ya vijiji ninayo, nilinunua nakala Nzega, nimeifungua mpaka imeachana na gamba lake. Na ninakumbuka. Mwaka sabini na nne, nikiwa na miaka minane, lori lilitushusha hapa, nje kidogo ya Ziba, kwa sababu ramani fulani ilisema tulikotoka hapakuwa kijiji. Mama alishuka na kinu mgongoni, kingine chote kilibaki. Kabla ya hapo wenye misafara walipita wakielekea Tabora, wakamkuta babu wa babu yangu shambani, wakamtwisha pembe hadi pwani. Nao waliita huku pori tupu. Kila anayekuja anaanza kwa kuona hapana kitu.

Sasa niseme la aibu, maana nisipolisema mimi watalisema wengine. Ile njano niliipaka mimi.

Januari walikuja wataalamu wa mradi na vishikwambi vyao kupima maeneo. Mimi ndiye katibu wa kamati ya ngitili, kwa hiyo niliwatembeza. Ngitili ni nyasi tunazozifunga mvua zikianza. Hakuna mnyama anayeingia mpaka mwezi wa saba, kwingine kote kukiwa kumekauka, na nyasi hizo ndizo zinazowavusha ng'ombe hadi mvua nyingine. Anayeingiza mnyama kabla ya siku anakaliwa kikao na kutozwa mbuzi, mbuzi analiwa na wote isipokuwa yeye. Kwetu ngitili ya kujivunia ni ile isiyo na hata alama ya kwato. Basi mtaalamu mmoja aliponiuliza watu wanalitumiaje eneo hili, kifua kilinijaa. Nikamwambia hapa hakuna anayegusa, zunguka kote, ukiona hata kinyesi cha mbuzi niite. Walizunguka, hawakuona, wakanishukuru. Hawakuongopa hata kidogo. Waliandika nilichowaonyesha.

Wapo wanaoniuliza kama nachukia umeme. Siuchukii. Hiyo sheria nimeisoma kwa mwanga wa koroboi, moshi wake ninao kifuani hadi leo, na jua la huku linatosha kuwasha Tabora nzima. Ninachochukia ni kuulizwa baada ya ramani kuchorwa. Upande wa magharibi tuna uwanda wa changarawe ambao hata mbuzi anaupita bila kuinama. Hakuna aliyetuuliza habari zake.

Tukaambiwa afisa mipango wa wilaya atakuja Alhamisi kuhakiki, siku hiyo moja tu, kisha mpango unapanda juu. Kwenye kamati nikatoa hoja: Alhamisi tuingize ng'ombe wote, aone kwa macho yake.

Mwenyekiti wetu ni Zabibu, mjane wa kaka yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji," akasema, "nyasi ndiyo kwanza zinatoa maua. Ukiingiza ng'ombe mia tatu sasa hivi utaiokoa ngitili kwenye karatasi, na Septemba tutawalisha hiyo karatasi."

Nikasema bila karatasi hakuna Septemba. Akanijibu kwamba mdomo ulioisifia ngitili Januari utafute namna ya kujirekebisha, ila kwato haziingii. Wajumbe wakacheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi afisa akafika pale ngitilini, binti wa miaka thelathini hivi, anaitwa Julieth. Aliniamkia shikamoo kwa adabu, nikaitika marahaba, nikaanza. Nilimpa sabini na nne, nikampa misafara, nikampa vifungu vya sheria na namba zake. Alisikiliza bila kutazama saa, ila kalamu yake haikuandika sana.

"Mzee Silasi, mimi nakuamini," akasema. "Lakini fomu yangu haina mahali pa kuandika naamini. Nahitaji kitu ninachokiona."

Hapo hasira ikanipanda. Nilikwenda zizini nikamfungua Diwani, maksai wangu mwekundu, niliyempa jina hilo kwa sababu anapiga kelele nyingi na kuvuta kidogo. Nikasogeza miiba ya uzio, nikampiga kofi la matako, akaingia ngitilini. Anataka kuona ng'ombe, na aone ng'ombe.

Zabibu alikuwa akipalilia upande wa pili. Aliniona. Hakuniita wala hakunikimbilia, alipuliza filimbi.

Watu waliacha majembe yao. Walikuja kutoka kila shamba, kama sitini, wakiwemo wawili ambao hawajasalimiana tangu mwaka juzi. Diwani akatolewa. Tukakaa duara pale pale kwenye uzio, na Zabibu akauliza nani ameingiza mnyama. Nikasema mimi. Akauliza kama najua pamefungwa. Nikasema najua, ila nina sababu.

"Sababu kila mtu anayo, shemeji. Ndiyo maana pana uzio."

Kikao kilikula saa nzima na zaidi. Mzee Nestory alipima nyasi zilizokanyagwa kwa mpini wa jembe, akahesabu alama za kwato. Mmoja akaniombea msamaha kwa ajili ya umri wangu. Mwingine akasema katibu atozwe mara mbili kwa kuwa anaijua kanuni kuliko wote, na hiyo ndiyo iliyopita: mbuzi wawili, na siku ya kufungua ngitili, Diwani aingie wa mwisho.

Julieth alikuwa amekaa juu ya jiwe, akiandika ukurasa wa tatu. Akamuuliza Zabibu eneo hili ni la nani.

"La ng'ombe wa Septemba," Zabibu akamjibu, akarudi kupalilia.

Mbuzi waliliwa Jumapili. Nilikaa pembeni nikivuta harufu. Zabibu aliniletea ugali mkavu, akaniambia mchuzi ni wa wasioingiza ng'ombe.

Ramani mpya ilikuja mwezi wa sita. Ngitili imepakwa kijani: malisho ya akiba, hufungwa na kulindwa na wanakijiji. Njano imehamia kwenye changarawe. Kona moja ya kaskazini bado inakatwa na njia ya nguzo, na barua ya pingamizi ya kona hiyo nimeshaituma.

Watu wananisifu kwamba nilipanga yote na shemeji yangu. Sikupanga kitu. Zabibu angenionea huruma siku ile, afisa angeona maksai mmoja akila peke yake kwenye nyasi tupu, akaenda zake.

Mwezi wa saba tulifungua. Ng'ombe waliingia tangu asubuhi, zizi baada ya zizi, na mimi nilisimama nje ya uzio nimemshika Diwani kamba, akipiga kelele mpaka saa tisa, tukisubiri zamu yetu.