Mke Aliyenyooshwa

Ngusa alioa mwanamke mwenye mgongo uliopinda, na alijua vizuri anachokifanya. Watu wa Kharumwa walimsifu, wakasema kijana ana utu, kamchukua binti ambaye vijana wengine walimpita kama hayupo. Utu gani. Ngusa alikuwa mfupi, na ufupi si dhambi. Nchi hii imejaa wafupi wanaolala usingizi wao mzuri. Yeye ufupi ulimnyima raha. Kule machimboni wenzake walimwita Nusu Mfuko, naye akacheka pamoja nao, kisha akarudi nyumbani kwa Vumilia, ambaye ilimbidi ainue macho ili amwone mumewe usoni. Ndani ya nyumba ile Ngusa alikuwa mrefu. Raha hiyo hakutaka mtu aiguse.

Mgongo wa Vumilia ulianza kupinda akiwa msichana, kwao Samuye, na haukuacha. Kila mwaka ulizidi kujipinda kuelekea kulia, mbavu zikatuna nyuma, na alipovuka miaka thelathini pafu moja lilikuwa limebanwa hata akitoka sokoni na kikapu kidogo anasimama njiani kuhema. Kulala chali alishasahau. Daktari wa hospitali kubwa kule Mwanza hakuzunguka. Alisema mgongo ukiachwa hivyo, pumzi itamwishia kabla hajazeeka.

Ngusa alipinga kwa nguvu zote. "Samaki mkunje angali mbichi," alimwambia mkewe. "Wewe umeshakauka. Wakikugusa watakuvunja."

"Daktari kasema hata mtu mzima ananyooshwa," Vumilia alijibu. "Kazi ni ngumu tu. Naweza nikaamka miguu imekufa. Kaniambia yote."

"Na bado unataka?"

"Nataka kupumua, Baba Lusia."

Adam, kaka yake Vumilia, akaja kumchukua. Ngusa akamwacha aende, akijituliza kwamba watamfungua kifua tu, apate hewa, na mgongo utarudi nyumbani kama ulivyotoka. Hakuna aliyemdanganya. Hakuuliza, basi.

Walimpasua kuanzia chini ya shingo hadi kiunoni. Walikaza skrubu kwenye pingili, wakazishikanisha kwa vyuma viwili virefu, wakaurudisha mgongo taratibu hadi pale ulipokubali. Haukunyooka wote, maana mgongo wa mtu mzima una ukaidi wake. Alipozinduka, nesi alimwomba asogeze vidole vya miguu. Vilisogea, na Vumilia akalia mpaka dawa ikamrudisha usingizini.

Siku aliporudi, Ngusa alikuwa ameketi kibarazani. Mkewe akashuka kwenye gari polepole, akashika mlango, akasimama. Ngusa akainuka kumpokea, akapiga hatua mbili, akakwama. Macho ya Vumilia yalikuwa juu ya macho yake. Haikuwa tofauti ya kutafuta kwa tochi, mtoto angeiona.

Jirani yao Paskazia akapiga vigelegele. "Mayu, mama wee, kumbe tulikuwa na twiga humu, tukamfuga na mbuzi!"

Ngusa hakumsamehe Paskazia, wala hakumsamehe Vumilia.

Vita vikaanza siku ile. Ngusa hakusimama tena karibu na mkewe. Alimsubiri ameketi, akamjibu ameketi, na kwenda kanisani alitangulia peke yake. Madaktari walikuwa wamemkataza Vumilia kwa miezi kadhaa kuinama, kubeba ndoo na kushika jembe, kwa hiyo maji alichota Paskazia, na Ngusa akapata la kusema. Uji ulikuwa mwepesi. Ua ulikuwa mchafu. Mwanamke amewekewa vyuma mgongoni, navyo vimempanda kichwani. Chuki ile ilikuwa chuki ya kweli, na aliilea vizuri kuliko alivyowahi kumlea mgonjwa.

Kisha akakumbuka magoti. Vumilia alikuwa akipiga magoti kumpa mumewe maji, kama alivyomwona mama yake akifanya, na baada ya upasuaji aliendelea. Kushuka aliweza, mradi mgongo usiiname. Kuinuka ndiko kulikomtesa. Ngusa akaliona teso lile, akaligeuza kuwa sheria: ukiongea nami, chini. Akiulizia chumvi, chini. Akisema Lusia ana homa, chini. Vumilia alitii, kwa kuwa heshima alilelewa nayo na nyumba ya mwanawe aliitaka. Ngusa akadhani ameshinda, akaanza hata kuimba akinyoa ndevu.

Jumapili moja mchana akawaleta wenzake wawili wa machimboni kuja kula: mzee Sabiti, na Mwigulu mwenye mdomo usio na kizuizi. Vumilia akaandaa chakula mezani, kisha akaleta jagi na beseni. Akapiga magoti, akasalimia, "Shikamooni."

"Marahaba, mama," Sabiti akaitika. "Pole na upasuaji."

Akawanawisha mmoja mmoja. Kisha akashika mwimo wa mlango, akajivuta hadi akasimama, jasho likimtoka.

"Shemeji umependeza," alisema Mwigulu. "Kumbe urefu wote huu ulikuwa umekunjwa?"

Ngusa alihisi uso unawaka. "Nani kakuambia uinuke?" alimfokea mkewe. "Rudi chini. Utakaa hapo mpaka tumalize kula."

Sabiti akarudisha tonge sahanini. "Ngusa, mwenzio katusalimia, katunawisha. Mwache akapumzike."

"Hii ni nyumba yangu, mzee."

Vumilia akaweka jagi juu ya meza. Sauti yake haikupanda. "Magoti ya salamu nimepiga, Baba Lusia. Ya maji nimepiga. Haya mengine si heshima, na wewe unajua. Nilipasuliwa ili nipumue. Siwezi kukunjwa upya ili wewe uwe mrefu."

Ngusa akaruka kutoka kitini. Hasira ilimsahaulisha jambo moja alilolikumbuka kila siku kwa miezi mingi, kwamba asisimame karibu na mwanamke huyu mbele ya watu. Akamfuata pale mlangoni, akamwekea mikono yote miwili mabegani amkandamize chini. Mabega yalikuwa juu. Mikono haikupata nguvu. Akajisogeza, akanyanyua visigino, akasimama kwa ncha za vidole, ndala zikibaki nusu tupu, akakandamiza.

Mgongo ule haukwenda popote.

Vumilia hakurudi nyuma wala hakumsukuma. Alimtazama tu kutoka juu, na machoni mwake hamkuwa na hasira, ambayo Ngusa angejua la kuifanyia. Mlikuwa na huruma. Ileile ambayo watu wa Kharumwa walimsifia yeye siku alipomwoa, na ambayo hakuwahi kuwa nayo. Iliuma kuliko kofi.

Mwigulu hakucheka. Sabiti aligeuzia uso ukutani, kwa adabu, kama mtu aliyemkuta mwenzake akioga.

"Ngusa," alisema Vumilia, na tangu waoane hakuwahi kumwita kwa jina, "shuka."

Ngusa akashuka.