Komeo na Mchicha

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Tangu siku alipodaka mpira wa adhabu huku kiatu kimoja kimemchomoka mguuni, wote walimwita Komeo, kuanzia wakata vitambaa mpaka walinzi wa getini. Mchana alishona kola za mashati, jioni alisimama golini kuilinda timu ya wanawake ya kiwanda cha nguo. Na mwaka huo, kwa mara ya kwanza, timu ilikuwa imeingia fainali! Wangekutana na kiwanda cha sabuni, mabingwa wa mwaka uliopita, watu wa maneno mengi.

Basi jioni moja mazoezini mpira ulikuja, yeye akaona miwili. Akaurukia ule usiokuwepo.

Wenzake walicheka mpaka walipoona hainuki. Kocha, mama mnene asiye na mzaha, alimpeleka zahanati mwenyewe. Nesi akamtoboa kidole, akapima, akatikisa kichwa.

"Damu yako iko chini, dada. Nakupa vidonge vya kuongeza damu, na chakula ubadilishe. Maharage, nyama ukipata, na mboga za majani kila siku. Chai usinywe pamoja na chakula, isubiri kidogo."

"Mboga za majani sili."

"Umekatazwa na nani?"

"Na ulimi."

Nesi alicheka, lakini kocha hakucheka. "Sikiliza, Komeo. Fainali ni mwezi ujao. Nesi asiponiambia umepona, golini husimami. Hata ulie machozi ya damu, na hiyo damu yenyewe huna."

Chuki ile ilianzia shule ya bweni. Kule mchicha ulichemshwa mpaka ukawa tope, tena tope lenye mchanga, na matroni alikusimamia mpaka sahani iwe nyeupe. Tangu hapo, Komeo akisikia harufu ya majani yanayochemka, koo lilifunga duka.

Lakini fainali ni fainali. Akapiga moyo konde. Mumewe, fundi wa mafriji, alirudi amekumbatia fungu la spinachi kubwa kama mtoto mchanga, akalichemsha lote kwa mapenzi mema. Komeo aliziba pua, akameza, akakimbilia nje. Kesho yake akasaga majani mabichi na maji, akanywa kwa mkupuo mmoja. Hayo tusiyaeleze. Siku ya tatu akayatia kwenye uji. Mumewe aliuangalia ule uji wa kijani, akasema ghafla amekumbuka friji la mteja.

"Nimekwisha," Komeo alisema, akakaa chini jikoni.

Hapo ndipo mama mkwe aliporudi kutoka kwa bintiye, alikokwenda kumsaidia kulea. Akaikuta sufuria, akanusa, akamtazama mkwewe pale sakafuni. Kisa chote alipokisikia, alifunga mlango wa jiko, akainama.

"Mwanangu, nikuambie kitu. Hata mimi mboga za majani sizipendi."

Macho yalimtoka Komeo. "Wewe, mama? Si kila siku unapika mboga?"

"Baba mkwe wako, Mungu amrehemu, alikuwa mkulima wa mboga. Nimeolewa, nimefika, nyumba imezungukwa na mchicha pande zote! Ningemwambia nini? Nikatafuta njia ya kuula bila kuuonja."

"Mama!" sauti ya fundi wa mafriji ilipenya mlangoni. "Na mimi ulikuwa unanichapa kwa ajili ya mchicha!"

"Wewe nenda katengeneze friji!"

Komeo alicheka mpaka mbavu zikamuuma, na mama mkwe naye akaangua kicheko. Kisha akajifunga kitambaa kiunoni, kazi ikaanza.

Kwanza aliyaosha majani, akamwaga maji, akayaosha tena na tena mpaka hakuna hata chembe ya mchanga chini ya beseni. "Chagua majani machanga, laini. Yale machungu tutayafikia tukishazoeana." Akayakata membamba kama nyuzi. Mafuta yakapata moto, kitunguu kikageuka rangi, majani yakaingia chwaa! Akageuza, akageuza, akaipua yakiwa bado ya kijani kibichi, akakamulia limau.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Huyo aliyekuwa akikuchemshia bwenini alikuwa anafua, si kupika."

Akavunja mayai juu yake, akakaanga. Komeo alionja kwenye ncha ya uma. Akasubiri koo lifunge. Halikufunga. Akaonja tena, safari hii kwa mkono.

"Mama! Inashuka!"

Tangu siku ile jiko halikulala. Leo majani machache ndani ya mayai, kesho yakaongezwa kidogo. Yakasagwa ndani ya supu ya maharage, yakapotelea humo. Yale yenye uchungu yakapikwa na karanga za kusaga, na uchungu ukanyamaza. Komeo akaanza kubuni ya kwake: nyama na wali akavisokota ndani ya jani la kabichi, akavipeleka kiwandani. Wenzake wa meza ya kola walipoonja, yeye akabaki na jani moja na njaa yake.

Siku ya kupimwa alifika zahanati kabla haijafunguliwa. Nesi alipima, akapima tena.

"Imepanda. Vidonge usiache, na mboga usiache. Lakini kacheza."

Komeo alimkumbatia nesi wa watu mpaka kofia ikadondoka.

Fainali yenyewe ilijaa watu hadi juu ya kuta. Kiwanda cha nguo kilifunga bao mapema, kisha kikakaa kinajihami kama kuku mwenye vifaranga. Mwishoni kabisa, refa akapuliza: penalti kwa sabuni. Mshambuliaji wao, dada mrefu, akauweka mpira chini. Sauti ya kizee ya mama mkwe ikapaa kutoka pembeni: "Usimwangalie usoni, mwanangu! Mwangalie kiuno!"

Komeo aliangalia kiuno. Kikapinda kushoto. Akaruka, akanyooka mpaka akahisi mwili unataka kukatika, mpira ukamgonga kiganjani, ukapiga mwamba, ukatoka nje!

Kilichofuata hakukisikia vizuri. Alikuwa chini ya timu nzima, na juu ya timu nzima alikuwa kocha.

Jioni jiko la fundi wa mafriji lilijaa wachezaji wenye jezi chafu, kila mmoja na kisu na fungu lake la majani, mama mkwe akitoa amri kama jemadari. Mayai yakakaangwa, yakaliwa juu kwa juu, hayakufika mezani.

"Kesho tunajaribu nini, mama?" Komeo aliuliza, akikwangua kikaango.

"Majani ya maboga," mama mkwe alisema, kisha akashusha sauti. "Hayo hata mimi yamenishinda maisha yangu yote."

"Basi tutayashinda wote wawili," Komeo akasema, na asubuhi walikuwa sokoni kabla wauzaji hawajamaliza kupanga meza.