Fadhul wa Ng'ambo ya Barabara

Watu wanadhani picha ni uji: ukitaka mwingi, unaongeza maji. Nimewaeleza wateja wangu pale Arua mpaka mate yakanikauka. Lakini Mama Hajara sikuweza kumfokea.

Alitoka Koboko kwa lori, akaingia studio yangu na kipande cha picha ndani ya leso. Kilikuwa kichwa cha mwanawe Fadhul, kidogo kama harage. Alikikata kwa wembe kutoka picha ya arusi ya binti yake Medina, niliyoipiga mimi mwenyewe. Wengine wote aliwatia motoni. Mwaka ule wa 1977 akina mama walishajifunza: ukienda kumuulizia aliyepotea, usibebe sura za waliobaki.

Fadhul alikuwa askari huko kusini. Tangu Ramadhani hakuleta salamu. Sasa sajini mmoja wa kikosi chake alikuwa amehamishiwa lango la kambi hapa mjini, na alikubali kumwambia mama kama alimwona, hai au maiti.

"Anasema Fadhul iko mingi," alinieleza. "Anataka kuona uso. Hii ni kidogo, macho yake haioni. Fanya kubwa, Ezati, mwana yangu. Kubwa kama uso ya mutu."

Filamu nilikuwa nayo bado. Nikaingia chumba cha giza, nikainua mashine ya kukuzia hadi juu kabisa. Sura ilipotokea ndani ya dawa, nilitukana peke yangu. Macho yalikuwa madoa, mdomo ukungu mtupu. Siku ya arusi wingu lilifunika jua, nikafungua lenzi yote na kumlenga bibi arusi, aliyeketi mkekani mbele na wanawake wenzake. Kaka zake walisimama nyuma kabisa, kwenye ukuta. Lenzi iliyofunguliwa hivyo haiwashiki wa mbele na wa nyuma pamoja. Kwenye picha ndogo ukungu nao ni mdogo, jicho haliuoni. Ukikuza uso, umekuza na ukungu wake.

Mama Hajara aliishika ile picha kubwa, akaigeuzia mwanga wa mlangoni.

"Umeharibu mutoto yangu."

"Sikumuharibu, Mama. Iko hivi kwa filamu. Ile kidogo ndiyo ilikuwa inatudanganya."

"Ile kidogo nilimujua!"

Niliumia, wacha niseme. Nikaibandika picha kwenye mlango, nikamshika mkono, nikamvusha hadi ng'ambo ya barabara. "Angalia sasa."

Akajiziba mdomo. Kwa mbali madoa yalikuwa yamekuwa macho, na ule ukungu ulikuwa kicheko cha Fadhul, cha upande mmoja. Mama akavuka mbio kumwendea. Katikati ya barabara mwendo ukampungua. Alipofika mlangoni hakukuwa na mtu. Akarudi ng'ambo, akamwona tena, akalia kwa sauti mbele ya wapita njia. Nilitamani kuipiga chini kamera yangu.

Hata hivyo aliibeba, kwa kuwa nyingine hakuna. Nikamsindikiza hadi kambini. Hakulisogelea lango, alisimama upande wetu wa barabara, akainua picha juu ya kichwa kwa mikono miwili.

"Afande! Angalia kutoka huko huko!"

Sajini akakunja macho. Nilimwona akiinua kidevu taratibu, kama mtu ambaye jina liko kwenye ncha ya ulimi. Mama akaiinua picha juu zaidi.

Kisha sajini akatikisa kichwa, akanyoosha mkono.

"Kutoka huku sina hakika," alisema. "Leta hapa karibu."

Mama Hajara aliniangalia. Mwenye bunduki hasubirishwi. Akaishusha picha, akaikumbatia kifuani, akaanza kuvuka.