Mwalimu Alipofunika Kioo

Kwa miezi minane fundi cherehani alicheza dansi kwa kuiga, mpaka wenzake wakamwita Kivuli. Alisimama safu ya mwisho, macho kwenye kioo, akifuata miguu ya wifi yake, dada wa mumewe, nyota wa darasa aliyemburuta kuja huko. Wifi akikosea, Kivuli naye alikosea papo hapo, kwa uaminifu kabisa.

Jumamosi moja walipanda hadi ukumbini, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, wakakuta mwalimu amefunika kioo kizima kwa mashuka. Akawaambia leo hafundishi. Kila mmoja atatoa hatua kutoka kwenye kazi yake, na wengine, mwalimu mwenyewe akiwemo, watajifunza kwake. Mwanafunzi mmoja, muuguzi, akauliza kwa sauti ya chini kama mwalimu ana homa.

Mwokaji mikate alianza, akakanda unga wa hewani mpaka mabega yakalegea. Muuguzi akasukuma kitanda kisichokuwepo kwenye kona kali. Wifi akatoa mizunguko yake ya siku zote, akapigiwa makofi. Ikafika zamu ya Kivuli. Akasema hana kitu. Kushona ni kukaa tu.

Mwalimu akaketi sakafuni mbele yake kama mwanafunzi, akamuuliza cherehani ikiwa mbioni miguu hufanya nini.

“Inakanyaga,” Kivuli alisema. “Kisigino, vidole, kisigino, vidole.”

“Nifundishe basi. Polepole, mimi mzito.”

Akaanza kwa aibu. Kisigino, vidole. Mikono ikajipeleka yenyewe mbele, ikiongoza kitambaa. Uzi ukakatika, akauinamia, akauuma kwa meno, akageuka kuanza pindo jipya, sasa kwa kasi. Mwalimu alijaribu, akapotea njia, akaomba aonyeshwe tena. Wengine wakajipanga nyuma ya Kivuli bila kuambiwa. Alipoona hana mtu mbele yake, kicheko kilimtoka, kikaambukiza ukumbi mzima.

Wifi peke yake miguu ilimgomea. Wenzake wakiwa kisiginoni, yeye yuko vidoleni.

“Wifi, ngoja kwanza,” alimwambia Kivuli akihema. “Nionyeshe tena, nikufuate.”

Kivuli akamshika kiuno, kwa mkono wa mtu aliyezoea kupima magauni.

“Usinifuate mimi. Shona nguo yako.”

Wifi akapunguza mwendo, akatia madaha yake ya begani, na ikatoka hatua nyingine kabisa ambayo hata yeye hakuijua. Akaangua kicheko mpaka akashika ukuta.

Hapo mwenye duka akatokea mlangoni. Makopo ya rangi, alisema, yanaanguka rafuni, na yeye si kichaa wa kuokota makopo siku nzima. Mwokaji akamuuliza, kwa heshima zote, kopo la juu kabisa hulishushaje. Mzee wa watu akafikiri. Akapanda ngazi isiyokuwepo, akanyoosha mkono, akayumba, na watu kumi na wawili wakayumba naye.

Mwalimu alikuwa amekwenda dirishani kufuta jasho, wala hakugeuka. Kivuli akasubiri kidogo, kisha akapiga makofi mawili.

“Tunapanda ngazi,” alisema, “halafu tunashona.”

Wakapanda na kushona, kila mtu kwa namna yake, mpaka mwenye duka akakumbuka kwamba kule chini ameacha mteja ameshikilia mlango anaotaka kuununua.