Saizi Aliyoitaja Baba

"Mia na tisini na tano, sabini, rimu kumi na nne," baba alisema kabla fundi wa matairi hajamaliza kuuliza. "Yote manne." Alisema kama mtu anayetaja jina lake mwenyewe, mikono nyuma, kifua mbele.

Binti yake, aliyesimama kando, alimgeukia. Namba zilikuwa sahihi kabisa, ila hazikuwa za gari hili. Zilikuwa za gari kubwa la bohari ambalo baba aliliendesha mpaka akastaafu, na ambalo bila shaka lilishakuwa chuma chakavu zamani. Hili dogo lao lilivaa mia na sabini na tano, sitini na tano. Rimu ni ile ile kumi na nne, na balaa lilikuwa hapo: tairi alilotaka baba, pana zaidi na lenye kimo zaidi, lingeingia kwenye rimu bila kinyongo, kisha kwenye kona ya kwanza lingeanza kujisugua kwenye madigadi.

Fundi, mwanamke mnene mwenye ovaroli ya buluu, hakuwa mgeni wa kazi. Aliusoma ubavu wa tairi kuukuu, akakichungulia kibandiko cha kiwandani kwenye nguzo ya mlango wa dereva, halafu akamtazama binti.

Asubuhi ile binti alikuwa amegombana na kaka yake. Kaka alitaka mzee anyang'anywe ufunguo leo leo, kwa sababu juzi alipotea akirudi kutoka kwa kinyozi, mtaa anaoupita miaka nenda miaka rudi. Binti alimjia juu. "Baba bado mzima. Ngoja niende naye kwenye matairi. Akikosea hata huko, nitamnyang'anya mimi mwenyewe." Alisema hivyo kwa kujiamini, maana kama kuna kitu ambacho baba hakosei ni tairi. Majirani walimwita Mzee Milimita, naye akiitwa hivyo anavimba kichwa siku nzima.

Kumbe ndiyo hivyo tena.

Kwao hakuna aliyekosea akaachwa. Ukisema leo Jumanne kumbe Jumatano, meza nzima inakurukia, unachekwa mpaka unanuna, nawe unabisha mpaka koo linakauka. Baba ndiye aliyekuwa bingwa wa kubisha; aliwahi kubishana na saa ya ukutani, na saa ikashushwa. Ndivyo walivyopendana watu wale, kwa kurukiana. Basi binti alifungua kinywa amrukie. Akaiona ile mikono iliyofungwa nyuma na kile kifua kilichotangulizwa mbele, akaufunga mdomo.

"Mzee, keti kwenye benchi pale upumzike," fundi alisema.

Baba alipokwisha kuketi, binti alinong'ona, "Weka saizi ya mlangoni. Usimwambie."

"Hatajua?"

"Hatajua."

Na hapo yeye naye akakosea. Jeki ilipanda, nati zikafunguliwa, mashine ikayabandua matairi kuukuu na mapya yakavishwa. Gari liliposhushwa, baba aliinuka, akachuchumaa kwa taabu, akapitisha kidole juu ya namba za ubavuni kama alivyofanya kwa kila tairi maishani mwake. Alikawia pale mno. Halafu akaenda kusoma kibandiko cha mlangoni. Binti alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Fundi kaweka sawa," baba alisema mwishowe. "Mimi ndiye niliyetaja za gari la bohari."

"Basi tu, baba. Tofauti yenyewe ndogo."

"Ndogo? Lingekula madigadi lile." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha binti. "Wewe ulijua?"

Binti akatikisa kichwa kukubali.

"Ukaniacha nikae kwenye benchi kama mgonjwa. Marehemu mama yako angenicheka mpaka huyu fundi naye ashike mbavu."

"Sikutaka kukuaibisha."

"Hujawahi kuniogopea aibu," baba alisema. "Kwa hiyo nimefika pabaya."

Akazunguka gari, akafungua mlango wa abiria, akaingia na kufunga mkanda.

Waliondoka, binti akiwa kwenye usukani. Matairi yalinukia upya. Walipokaribia njia panda, baba alinyoosha kidole.

"Kata kushoto hapa."

Nyumbani kwao ni kulia. Binti alipunguza mwendo akamtazama usoni. Hakujua kama mzee anampima au amesahau, na uso ule haukumwambia kitu. Gari la nyuma likapiga honi. Akaikusanya sauti yake yote ya mezani.

"Kushoto kuna nini, Mzee Milimita? Umepotea tena. Kwetu ni kulia, hata kuku wanajua."

Akasubiri kubishiwa. Alisubiri kwa moyo wake wote: mzee aseme njia hii aliipita kabla yeye hajazaliwa, aseme barabara imehamishwa, aseme chochote.

Baba aliitazama njia ya kushoto, kisha ya kulia, kisha tena ya kushoto.

"Asante, mwanangu," alisema.