Sekunde Ishirini na Moja

Muuguzi wa utafiti aliweka mezani kibao chenye matundu tisa, akamwaga vijiti tisa kwenye kisahani, akashika saa.

"Mkono wa kulia kwanza, mama. Haya, anza."

Fundi alianza kuvichomeka kwenye matundu. Hakuvihisi, aliviongoza kwa macho. Alikuwa ameshona sare za shule miaka kumi na tisa, na watu wote walimwita Fundi tu, hata mdogo wake aliyekaa pembeni akiwa amepakata mikoba yote miwili. Miaka mitatu nyuma ncha za vidole zilikufa ganzi, kisha jicho moja likaingia ukungu. Daktari akamwambia ni MS: kinga ya mwili wake imemgeuka, inashambulia mishipa ya fahamu. Hakulia. Aliuliza kama anaweza kuwahi kazini mchana ule.

Sasa alikuwa na mwezi wa kumi na nane kwenye utafiti wa dawa mpya. Kila baada ya miezi mitatu alitolewa damu, akatembezwa ukumbini, akapewa vijiti. Dripu aliyotundikiwa ilikuwa ama dawa, ama maji ya chumvi matupu. Muuguzi mwenyewe hakujua.

"Ishirini na moja," muuguzi alisema. "Ulianza na sekunde thelathini na nne."

"Si nilisema?" mdogo wake alidakia. "Dawa imekukubali, dada!"

Fundi aliutazama mkono wake kama mzigo wa mtu mwingine.

"Si dawa," alisema. "Nafanya mazoezi. Nimetoboa matundu kwenye kipande cha ubao nyumbani. Kila jioni, kabla ya kula."

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Tangu lini?"

"Huu mwezi wa tisa. Pale kwenye benchi wagonjwa wenzangu walisema anayezidiwa anatolewa kwenye utafiti."

"Hatolewi mtu kwa kuzidiwa, mama. Ungeniuliza."

"Na wewe nawe," mdogo wake alinong'ona, "hukuweza kunyamaza? Watu walishaanza kufurahi."

"Kuna mtu atapewa dawa hii kwa sababu ya sekunde zangu," Fundi alisema. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Sitaki nimdanganye mtu nisiyemjua."

Daktari aliitwa. Hakugomba. Alisema vipimo vile vya vijiti vitawekewa alama ya shaka, lakini vingine vinabaki. Mshipa wa fahamu ukiumia, alieleza, unadondosha protini kwenye damu, na wao huipima. "Damu haifanyi mazoezi," alisema. Mdogo wake alicheka peke yake.

Miezi sita baadaye utafiti ulifungwa, bahasha zenye siri ya nani alipewa nini zikafunguliwa. Fundi alikuwa amepewa maji ya chumvi, tangu siku ya kwanza. Protini ya wenzake wengi waliopata dawa ilishuka. Ya kwake ilipanda, na picha ya ubongo ilionyesha madoa mawili mapya.

Mdogo wake alilia mpaka muuguzi akamletea maji.

"Miaka miwili!" alisema. "Miaka miwili wanakutundikia chumvi!"

"Waliniambia inaweza kuwa chumvi," Fundi alijibu. "Nilitia sahihi." Alijitafuta ndani kama ana hasira, kama anavyopapasa sindano iliyoanguka. Hakuipata.

Daktari alisema sasa anaweza kupewa dawa yenyewe. "Ila nikwambie ukweli. Vidole haitavirudisha. Kazi yake ni kuzuia hasara nyingine."

"Inaanza lini?"

"Hata leo."

Alikunja mkono wa gauni. Dripu ilichukua saa mbili, na ilikuwa baridi kwenye mshipa, hilo alilihisi. Alipomaliza alimwambia mdogo wake kwamba kuanzia Jumatatu vifungo na pindo atashona yeye, mdogo mtu. Fundi atabaki na kupima watu na kukata vitambaa.

"Mimi? Mimi najua kushona nini?"

"Utajifunza. Lete mkoba wangu twende."

Walishuka ngazi polepole, mmoja ameshika ukuta, mwingine ameshika mikoba.